Mbeba Maji Aliyeshinda

Wannes Callewaert alikuwa mbeba maji, na kazi yake aliifanya vizuri. Katika timu ya baiskeli, mbeba maji ndiye anayerudi nyuma kwenye gari la mkuu wa timu, akajaza chupa kifuani na mgongoni mpaka akavimba kama mjamzito, kisha akalikimbiza tena kundi ili awanyweshe wenzake. Upepo ukivuma, yeye ndiye ukuta. Tairi la nahodha likipasuka, yeye ndiye anayevua gurudumu lake na kumpa. Anapofika mwisho wa safari, washindi wameshaoga. Hayo ndiyo maisha aliyoyaishi Wannes tangu ujana mpaka mvi za kwanza zikamtoka kidevuni, wala hakulalamika. Huko Wevelkerke, mji mdogo wa Flandria ya Magharibi alikozaliwa, watu walimpenda kwa ajili hiyo hiyo. "Huyu wetu ni punda," walikuwa wakisema kwenye baa ya Jeannine, na waliposema hivyo walikuwa wanamsifu.

Kisha, mwaka aliotimiza miaka thelathini na mitatu, punda akashinda mbio za Hoornberg.

Ilikuwa mwezi wa Machi, siku ya mvua ambayo haikuwa imeamua bado kama iwe maji au theluji. Nahodha wao, Stijn Dhaene, aliteleza kwenye barabara ya mawe, akavunjika mtulinga. Wannes alikuwa mbele, si kwa ushujaa, ila kwa sababu muda wote alikuwa anamkinga Stijn na upepo na hakuna aliyemwambia aache. Akasikia sauti ya Marnix, mkuu wa timu, ikipasuka kwenye redio ya sikioni.

"Stijn basi! Yuko chini! Mwenye miguu na aende, yeyote yule!"

Wannes akaenda. Wakubwa walimtazama akiondoka, kisha wakatazamana. Nani ajichoshe kumfukuza mbeba maji? Kila mmoja alimsubiri mwenzake afanye kazi, na katika kutegeana huko mwanya ukawa mkubwa, ukawa mkubwa zaidi, mpaka ikawa hauzibiki tena. Kwenye mlima wa mwisho upepo ulikuwa mgongoni mwake. Miguu ilikuwa inazunguka kama si yake. Alipouona mstari wa mwisho aligeuka kutazama nyuma, hakuona mtu, akageuka tena, hakuona mtu. Alikumbuka kuinua mikono alipokuwa ameshavuka.

Mambo yalikuwa hayo tu. Nahodha kaanguka, wakubwa wametegeana, upepo ukageuka, na mtu mmoja akaamka akiwa na siku njema. Ukweli ulikuwa mdogo mno, na watu walikuwa wanatafuta mkubwa.

Katika kibanda cha televisheni alikaa Danny Vandewiele. Huyu zamani alikuwa bingwa, akakamatwa na dawa za kuongeza nguvu, akafungiwa miaka miwili, akalia mbele ya kamera, akasamehewa, akapewa kipaza sauti. Wannes alipovuka mstari, mtangazaji aliyekaa kando ya Danny alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Danny alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kwenye televisheni, kisha akasema, "Haya. Tusubiri tuone."

Maneno matatu. Yalitosha kuliwasha jiko.

Mwandishi wa kwanza aliyemfikia Wannes, maji ya matope yakiwa bado yanamtiririka usoni, hakumpa hongera. "Wannes, miaka kumi na zaidi hatujakuona. Leo umewaacha mabingwa wote. Nguvu umezitoa wapi?"

"Sijui," Wannes alisema. "Hawakunifuata."

"Walishindwa kukufuata?"

"Hapana. Hawakutaka."

Jioni ile magazeti kwenye mtandao yaliandika kwamba Callewaert mwenyewe hajui nguvu zake zimetoka wapi.

Alipelekwa kwenye chumba cha vipimo. Alikuwa anavijua vyumba hivyo. Aliwahi kuchaguliwa kwa bahati nasibu mara kadhaa. Unashusha suruali mpaka magotini, unapandisha fulana mpaka kifuani, na mtu mzima mwenzako anasimama anakutazama unavyokojoa kikombeni, asije akadanganywa. Zamani Wannes alikuwa anamtania mtazamaji. "Bwana, shule ulisomea hii?" Mara hii mtazamaji hakucheka, wala Wannes hakutania. Alijaza kikombe, wakakifunga, akaweka sahihi, akaenda kutafuta supu.

Majibu yalirudi safi. Damu safi, mkojo safi. Iliandikwa mistari miwili mahali fulani.

*

Jumapili iliyofuata baba yake, Odiel, alimchukua kwa gari waende kwa Jeannine. Mzee Odiel alikuwa amefanya kazi ya kitani maisha yake yote, na katika ujana wake aliwahi kuendesha baiskeli za mashindano ya vijijini, yale ya kushindania nyama ya nguruwe. Siku ya Hoornberg alilia mbele ya majirani. Sasa alikuwa anaendesha gari kimya, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu anayefanyiwa mtihani wa leseni. Walipofika karibu na kanisa akasema, bila kugeuka:

"Mwanangu, mimi sikuulizi kitu. Unasikia? Mimi sikuulizi."

"Uliza, baba."

"Siulizi. Wewe ni mwanangu, kwisha."

Wannes alitazama nje. Mashamba yalikuwa yameloa, na kunguru walikuwa wanatembea juu ya udongo kama wakaguzi. Alijua angepaswa kuumia, akasubiri maumivu yaje. Hayakuja. Kilichokuja ni ganzi, kama ile ya midomo unapotoka kwa daktari wa meno: unajua mdomo upo, unaugusa, lakini ni kama unagusa cha mwingine.

Kwa Jeannine walimpigia makofi. Walikuwa wametundika picha yake juu ya pipa la bia, na Jeannine mwenyewe, mama wa makamo mwenye mikono ya mpiga ngumi, alimbusu mashavuni mara tatu. Bia ikaja. Halafu Roland, muuza nyama, ambaye hajawahi kukaa na utani tumboni, akainua glasi.

"Wannes, tuambie na sisi basi! Liesbet anakupikia supu gani? Mke wangu ananipa viazi miaka thelathini, na ngazi za nyumbani bado zinanishinda!"

Baa ilicheka. Wannes naye alicheka, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

"Supu ya vitunguu," alisema.

"Vitunguu vya kuchoma sindano!" mtu akadakia kutoka nyuma, na kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza.

"Nyamazeni!" Jeannine alifoka. "Kapimwa, hana kitu. Mnataka nini, mumpasue?"

"Tunatania tu, mama," alisema Roland. "Kwani Danny naye si alipimwa? Hapa hapa alikaa, kwenye kiti hiki, 'hapana, jamani, hapana,' na sisi tukamnunulia bia. Nimeshaumwa na nyoka, siku hizi nakimbia hata kamba."

Hapo hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkatalia. Mzee Odiel alikuwa analitazama povu la bia yake likishuka. Wannes aliwaangalia mmoja mmoja, watu aliowajua tangu akiwa na kaptula ya shule, akaona kwamba hawakuwa wabaya. Walikuwa wameungua mara nyingi. Walimpenda Danny, na kabla yake walimpenda mwingine, na kila mara walilia na kupiga kelele barabarani kwenye mvua, na kila mara waliambiwa baadaye kwamba walikuwa wajinga. Sasa walikuwa wanajilinda. Aliwaelewa kabisa, na kuwaelewa hakukumsaidia kitu.

*

Mkewe, Liesbet, hakusema neno juma zima. Alikuwa mwalimu wa kuogelea katika bwawa la manispaa, mwanamke wa vitendo, si mtu wa kuzunguka mbuyu. Siku moja alikuwa amekaa jikoni anamenya asparaga za kwanza za msimu, zile mboga nyeupe kama vijiti, maganda yakianguka juu ya gazeti kuukuu. Wannes aliingia kutoka mazoezini. Liesbet aliendelea kumenya, akasema:

"Wannes. Nitauliza mara moja tu, halafu sitauliza tena maisha yangu yote."

"Uliza."

"Umetumia kitu?"

"Hapana."

Kisu kilisimama kwenye asparaga. Kikasimama kidogo tu, kiasi cha pumzi moja. Kisha kikaendelea, na ganda refu likashuka.

"Sawa," Liesbet alisema. "Nimekuamini. Vua viatu, umeleta matope."

Wannes alivua viatu. Ile pumzi moja aliisikia. Liesbet hakuwa amekusudia, na pengine hata mwenyewe hakujua kwamba alisita. Lakini Wannes aliisikia kama unavyosikia kokoto ndani ya gurudumu. Alikaa kwenye ngazi na soksi zake zilizolowa, akajaribu kukasirika. Alijaribu kwa dhati, kama mtu anayejaribu kuwasha pikipiki ya zamani. Haikuwaka.

Baada ya hapo mambo yalikuja moja moja. Wapimaji walianza kumjia nyumbani alfajiri, gari lao likisimama mbele ya mlango, taa ikiwaka kwa majirani ng'ambo ya barabara na pazia likisogea. Walikuwa watu wa adabu, walivua viatu, Liesbet aliwapa kahawa. Kwenye barabara ya mazoezi, ile inayopita kando ya mfereji, mtu alikuwa amechora sindano kubwa kwa chokaa, na chini yake herufi za jina lake. Wannes aliipita akienda, akaipita akirudi. Stijn, mkono ukiwa bado kwenye kitambaa, alikuja kumsalimu, na walipobaki wawili akashusha sauti.

"Ndugu yangu, mimi si mtu wa kuhukumu. Ila kama kuna daktari unayemjua, usimfiche rafiki yako. Mimi nina mkataba wa kutafuta mwaka huu."

"Hakuna daktari, Stijn."

"Sawa, sawa. Nimekuelewa." Akamkonyeza.

Wannes alikuwa amemkinga mtu huyu na upepo kwa miaka saba.

*

Mwezi wa Aprili kulikuwa na mbio nyingine, zinazoanzia na kumalizikia Wevelkerke yenyewe. Si kubwa kama Hoornberg, lakini kwa watu wa pale hakuna kubwa kuliko hizo. Stijn bado alikuwa mgonjwa. Kwenye basi la timu Marnix alichora ramani ubaoni, kisha akageuka akamwonyesha Wannes kidole.

"Leo tunakufanyia kazi wewe."

"Mimi nibebe maji."

"Acha upuuzi. Leo vijana watakubebea wewe. Unataka niwaambie wenye timu kwamba mshindi wa Hoornberg nimempa chupa?"

Vijana wakambebea. Lilikuwa jambo geni, kunyweshwa na mwingine. Kila alipopokea chupa alisema asante, mpaka mmoja akacheka: "Kaka, acha kusema asante, utaishiwa pumzi."

Hakuishiwa. Tatizo ndilo hilo. Siku ile miguu ilikuwa njema kuliko hata ya Hoornberg. Kijana mmoja wa timu alianguka njiani akimkinga na upepo. Kwenye mlima wa mwisho alibaki na wawili, Mdenmaki mmoja na Mholanzi mmoja, na alisikia pumzi zao zinavyokwaruza kama msumeno kwenye mbao mbichi. Aliongeza kidogo. Mholanzi akaachia. Akaongeza tena, hata hakusimama kwenye kanyagio, na Mdenmaki akabaki nyuma akiwa ameinamisha kichwa. Akawa peke yake. Pikipiki ya kamera ikasogea ubavuni mwake.

Barabara iliyobaki ilikuwa tambarare mpaka kanisani. Aliujua kila ufa wake. Pande zote mbili watu wa Wevelkerke walikuwa wamejazana kwenye vizuizi, na alipowapita aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote: baadhi walikuwa wanapiga makofi, na baadhi walikuwa wamekunja mikono. Mwanamume mmoja alikuwa anamwonyesha mkono wake wa kushoto, akiugonga kwa vidole viwili mahali pa mshipa.

Wannes hakuona uchungu wala hasira. Aliona tu, waziwazi na bila haraka, kitakachofuata. Danny atanyamaza. Mwandishi atauliza. Kikombe. Gari alfajiri, pazia la jirani. Baba atasema hamuulizi. Na Liesbet aliahidi kutouliza tena, kwa hiyo hatauliza. Atakaa jikoni na hatauliza, siku baada ya siku.

Akaacha kukanyaga.

Hakuacha ghafla. Alipunguza, akainua kichwa, akajifanya anasogeza gia, akapunguza tena. Kwenye redio Marnix alipiga yowe.

"Nini? Cheni? Wannes, cheni?"

"Miguu," Wannes alijibu. "Imekwisha."

"Imekwishaje? Bado kidogo tu! Jikaze, baba!"

Mdenmaki akampita. Mholanzi akampita. Kisha kundi lote likaja kama mvua na kumfunika, na Wannes akavuka mstari katikati ya watu, mahali alipozoea, bega kwa bega, hakuna anayemtazama.

Lakini siku hiyo walimtazama. Alipozunguka kona ya kanisa akielekea kwenye basi, watu walianza kumpigia makofi, na safari hii walipiga wote. Waliruka vizuizi, wakampigapiga mgongo, wakamwita kwa jina. Roland muuza nyama alikuwa anatokwa na machozi. "Punda wetu!" alikuwa anapiga kelele. "Amejitoa mpaka tone la mwisho! Mnaona? Mnaona? Mtu wa dawa hachoki hivyo!" Na kwenye televisheni Danny Vandewiele, kama Wannes alivyosimuliwa baadaye, alivua miwani yake akasema kwamba anamwomba radhi Callewaert hadharani, kwamba leo nchi nzima imeona mwanadamu, kwamba yeye, Danny, anajua kuliko yeyote jinsi mwili wenye dawa unavyokwenda, na ule haukuwa mwili wenye dawa.

Mzee Odiel alimkuta kwenye mlango wa basi. Alimkumbatia kwa nguvu mpaka kofia ya baiskeli ikamkwaruza kidevu.

"Nilijua," alisema sikioni mwake. "Mimi nilijua siku zote, mwanangu."

"Najua, baba," alisema Wannes.

*

Liesbet alikuwa ametazama nyumbani, kwa sababu alikuwa na zamu bwawani asubuhi. Wannes aliporudi alimkuta amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa, nywele zikiwa bado na harufu ya klorini. Hakusimama.

"Wamefurahi huko nje," alisema. "Nimesikia honi."

"Wamefurahi sana."

"Miguu yako haikuisha."

Wannes aliweka begi chini.

"Nimekuona umechoka maisha yangu yote," Liesbet alisema. "Ukichoka bega la kushoto linashuka na mdomo unakaa wazi kama samaki. Leo mdomo ulikuwa umefungwa. Ulikuwa unaweza kupiga mluzi. Ulisimama mwenyewe."

Wannes alifikiria kukataa. Akaona ni kazi nyingi.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka wanyamaze."

"Na vijana waliokubebea maji leo? Na yule aliyeanguka akikufanyia kazi? Umewaambia?"

"Hapana."

Liesbet alimtazama, na Wannes akaona kwamba alikuwa anaanza kulia, polepole, bila sauti, kama mtu anayevuja.

"Miaka yote hii hujawahi kudanganya kwenye baiskeli," alisema. "Hata siku moja. Nilikuwa sina hakika, Mungu anisamehe, kulikuwa na dakika sikuwa na hakika. Sasa nina hakika. Na leo ndiyo umedanganya, na leo ndiyo wanakupigia makofi."

"Ulisema uliniamini."

"Nilikuamini."

"Ulisita kwanza."

Hakujua kwamba angelisema. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anaomba chumvi. Liesbet alifunika uso kwa mikono miwili. Wannes alienda akakaa kando yake na kumwekea kiganja mgongoni, na kiganja kikakaa pale, kikisikia joto la mgongo na mtikisiko wake. Alijua huyu ni mkewe na kwamba anampenda. Alilijua hilo kama unavyojua jina la mji mkuu wa nchi fulani. Nje honi zilikuwa bado zinalia, na mtu alikuwa anaimba jina lake kwa sauti ya kilevi.

"Tutafanya nini?" Liesbet aliuliza baadaye.

"Tutakula," Wannes alisema. "Kuna nini?"

Kulikuwa na nyama iliyochemshwa kwa bia, ya jana. Wakaipasha moto wakala.

*

Alimaliza msimu akibeba maji. Stijn alirudi, Wannes akarudi mbele yake kuwa ukuta. Wapimaji walipunguza kuja, kisha wakaacha kabisa. Mvua iliiosha chokaa ya kwenye mfereji na hakuna aliyechora nyingine. Mkataba ulipokwisha Marnix hakumwita kuzungumza, na Wannes hakwenda kumuuliza. Kwa vijana waliomfanyia kazi siku ile hakusema kitu.

Yeye na Liesbet walibaki pamoja. Ilichukua muda. Liesbet hakuacha kumsemesha, hata pale majibu yalipokuwa ya neno moja, na kuna siku, wakiwa wamekwenda pwani ya Ostend kutembea kwenye baridi, Wannes alicheka kitu fulani kuhusu mbwa, na Liesbet akamshika mkono kwa nguvu bila kusema kwa nini.

Akapata kazi katika kiwanda cha kugandisha mboga karibu na Roeselare, anaendesha mashine ya kuinulia makasha. Kazi ni nzuri, humo ndani ni baridi, watu ni wachangamfu. Katika juma lake la pili, wakati wa chakula, mwenzake mmoja mgeni wa eneo lile, jamaa wa Ghent, alimtazama muda mrefu juu ya mkate wake.

"Samahani bwana, hivi wewe si yule mwendesha baiskeli?"

"Nilikuwa naendesha."

"Nilijua! Yule aliyeishiwa miguu pale karibu na kanisa! Mimi na baba yangu tulikuwa tunaangalia, tulilia, nakuapia. Baba anasema hajaona mtu mwaminifu kama yule." Akafikiria kidogo. "Hivi uliwahi kushinda mbio zozote?"

Wannes alitafuna, akameza. Ukutani kengele ya kurudi kazini ilikuwa imeanza kulia, na wenzake walikuwa wanafunga makopo yao ya chakula na kuvaa glavu.

"Moja," alisema. "Ilikuwa inanyesha."